Aliyeshika Simu Ana Hatia Gani?

Maandiko ya wiki: Mithali 26:18–19, Matendo ya Mitume 7:54–8:1, Mathayo 4:5–7



Wiki hii nataka tukae na swali moja lililoulizwa katika darasa la vijana ninalohudumu. Tulikuwa tukizungumza juu ya mchezo ulioenea kwenye simu zao. Mtu anashika mkebe wa spreyi, ya kwapa au ya kuua mbu, anaugeuza kuwa mwali wa moto kama joka la kwenye katuni. Mwenzake anarekodi, wengine wanashangilia. Nikawaambia kwamba mchezo huo ni hatari na unamhuzunisha Mungu. Wote wakasema Amina. Kisha binti mmoja akainua mkono. "Mwalimu, huyo anayewasha nimeelewa. Lakini yule ameshika simu tu? Yeye hajawasha kitu. Yeye ana hatia gani?"

Darasa lilinyamaza. Nadhani lilinyamaza kwa sababu wachache sana kati yetu watawahi kushika ule mkebe, lakini karibu sisi sote tunashika simu. Kwa hivyo swali la binti huyu ni letu sote, wazee kwa vijana.

KILICHO NDANI YA MKEBE

Kabla ya kuuliza nani ana hatia, tujue kwanza ni kitu gani kinachezewa.

Dawa ya mbu au manukato hayawezi kutoka kwenye mkebe peke yake. Yanasukumwa na gesi iliyokandamizwa humo ndani. Katika mikebe mingi ya leo gesi hiyo ni butani na propani. Majina yasikutishe. Ni gesi ya jamii ileile iliyo ndani ya mtungi wako wa kupikia. Yaani, mama, ule mkebe ulio juu ya kabati ni mtungi mdogo wa gesi, ila hauna umbo la mtungi na hakuna mtu anayeuogopa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mkebe wa aina hii ulibuniwa na Erik Rotheim wa Norway katika miaka ya 1920. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Lyle Goodhue na William Sullivan, watafiti wa idara ya kilimo ya Marekani, walitengeneza mkebe wa kupuliza dawa ya wadudu ili wanajeshi wakingwe na malaria. Tazama hapo, mpendwa: kitu hiki kilitengenezwa ili kulinda uhai. Gesi waliyotumia, na iliyotumika miaka mingi baadaye, haikuwa ya kushika moto. Lakini wanasayansi wakagundua kwamba gesi za aina ile zinaharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale ya jua, na kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 mataifa yakakubaliana kuziacha hatua kwa hatua. Viwanda vingi vikahamia butani na propani. Ozoni ikapata ahueni, lakini gesi inayosukuma spreyi sasa yenyewe ni kuni.

Gesi hii ikikandamizwa hukaa ndani kama maji. Ikitoka nje hutanuka zaidi ya mara 200. Tena ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo haipandi juu ikapotea. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya chini ya kitanda na kwenye kona za chumba kisicho na dirisha wazi. Ndiyo maana mtu anaweza kupuliza dawa ya mbu, akafunga mlango, halafu akawasha kiberiti akidhani hewa ni salama.

Kwenye mkebe kumeandikwa onyo ambalo wengi wetu hatujawahi kulisoma. Usiuweke penye joto la kupita nyuzi 50. Usiutoboe. Usiuchome, hata ukiwa umeisha. Hilo la mwisho lina sababu yake. Dawa ikiisha, mara nyingi gesi kidogo hubaki. Ndiyo maana mkebe uliotupwa kwenye takataka zinazochomwa nyuma ya ploti hupasuka kwa kishindo, na watoto wakasimama karibu wakingoja kusikia mlio.

Sasa mtu akigeuza kitu hicho kuwa moto mkononi mwake, hana breki. Upepo kidogo tu wa mlangoni unarudisha mwali usoni. Matone ambayo hayajaungua yanaangukia mkono na shati, yanawaka hapo hapo. Nguo ya nailoni inayeyuka na kugandamana na ngozi. Bati likipata joto, presha ndani inapanda mpaka linapasuka, na vipande vyake vinaruka. Vilivyo karibu zaidi ni uso, macho na kiganja. Na kiganja kilichoungua sana, hata kikipona, ngozi yake inaweza kukunjamana vidole visinyooke tena. Kijana wa miaka 16 anaweza kupoteza kwa sekunde 3 mkono ambao angeufanyia kazi miaka 50.

Hatusemi haya kwa kutishana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Na sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa gesi inaweza kufanya nini. Bado tunakumbuka usiku wa Februari 1, 2024 kule Embakasi.

"NILIKUWA NATANIA TU"

Kitabu cha Mithali kinamchora mtu anayemfanyia jirani yake jambo la kumdhuru, halafu anajitetea kwamba ulikuwa utani. Kinamfananisha na mwenda wazimu anayerusha moto na silaha za kuua. Ni kama ile mithali iliandikwa kwa ajili ya simu zetu. Biblia haisemi utani ni dhambi. Sara alicheka, na mtoto wake akaitwa Isaka, jina lenye kicheko ndani yake. Shida ni pale utani unapochukua kitu cha mauti na kukitendea kama kichezeo. Moto hauulizi kama ulikuwa serious au ulikuwa unacheza.

Kijana mmoja akaniambia, "Lakini Mwalimu, Shadraka, Meshaki na Abednego waliingia motoni na hawakuungua. Si imani ni hiyo?" Ni hoja nzuri, tusiipuuze. Hebu tusome vizuri Danieli 3. Wale watatu hawakuwasha tanuru. Hawakutafuta moto ili waonekane mashujaa. Walitupwa ndani kwa sababu walikataa kuabudu sanamu, na walimwambia mfalme kwamba Mungu anaweza kuwaokoa, lakini hata asipowaokoa hawatainama. Imani yao ilikuwa kwa Mungu, si kwa kutoungua.

Linganisha sasa na Mathayo 4. Shetani anampandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajirushe. Hata anamnukulia Zaburi ya 91, habari za malaika watakaomshika. Mahali penyewe palikuwa pa watu wengi. Yesu angetua salama, na habari ingeenea Yerusalemu yote kabla ya jua kuzama. Akakataa. Akajibu kwa Torati kwamba Mungu hajaribiwi. Kwa hivyo kuna tofauti kati ya kumtegemea Mungu katika hatari uliyokutana nayo na kumlazimisha Mungu akuokoe katika hatari uliyoitengeneza.

Wala sisemi kila hatari ni dhambi. Mama anayerudi kwenye nyumba inayowaka kumtoa mtoto wake anahatarisha maisha. Zimamoto naye pia. Paulo anamsifu Epafrodito katika barua kwa Wafilipi kwa sababu alikaribia kufa kwa ajili ya kazi ya Kristo. Swali la kuuliza ni hili: hatari hii ni kwa ajili ya nani? Ukiondoa watazamaji, kuna mtu yeyote anayesaidika?

Sisi Wapentekoste tunajua habari za moto. Katika Matendo 2 ndimi kama za moto ziliwakalia wanafunzi, na umati ukakusanyika kushangaa. Lakini moto ule haukuwashwa na mkono wa mtu, haukumuunguza mtu, na umati haukuondoka ukisema "onyesha tena." Uliondoka ukiuliza, "Tufanye nini?" Moto wa Mungu unawafanya watu watubu. Moto wa kujionyesha unawafanya watake mwingine mkubwa zaidi kesho.

WALIOWEKA NGUO MIGUUNI PA SAULI

Sasa turudi kwa swali la yule binti. Aliyeshika simu tu ana hatia gani?

Fungua Matendo 7. Stefano anapigwa mawe nje ya mji. Wanaopiga wanavua mavazi yao ya juu ili mikono iwe huru, na wanayaweka miguuni pa kijana mmoja aitwaye Sauli. Biblia haisemi Sauli alirusha jiwe hata moja. Alisimama. Alilinda nguo. Ukimpeleka Sauli mahakamani leo, wakili wake atasema, "Mteja wangu hakugusa jiwe." Na ni kweli.

Lakini Luka anaongeza jambo moja mwanzoni mwa sura ya 8: Sauli alikubaliana na mauaji yale. Na baadaye, Paulo mwenyewe anapoomba katika hekalu, kama anavyosimulia katika Matendo 22, anataja siku ile. Hasemi, "Bwana, nilikuwepo tu." Anasema alikuwa amesimama hapo, akikubali, akitunza nguo za wauaji. Hakuna aliyekuwa akimshtaki kwa hilo. Mungu alikuwa ameshamsamehe. Hata hivyo analitaja, kwa sababu alijua kazi aliyofanya pale. Nguo zilipopata mlinzi, mikono ilipata nafasi ya kurusha mawe.

Simu inafanya kazi hiyohiyo. Aliyeshika mkebe hafanyi mchezo ule akiwa peke yake chooni usiku. Anaufanya kwa sababu kuna jicho linalomngoja. Hebu jaribu jambo hili kichwani mwako: zima simu zote, waambie wote waende nyumbani. Je, mkebe bado utawashwa? Kama jibu ni hapana, basi simu haikuwa shahidi. Ilikuwa sehemu ya kuni.

Torati ina sheria ndogo ambayo wengi tunairuka, Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukijenga nyumba, weka ukingo kwenye paa, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Mtu alianguka mwenyewe. Bado Mungu anamuuliza mwenye nyumba: ukingo ulikuwa wapi? Na katika Mambo ya Walawi 19:16 tunakatazwa kusimama tu wakati damu ya jirani iko hatarini. Kwa hivyo mbele za Mungu "sikufanya kitu" si utetezi siku zote. Wakati mwingine ndiyo mashtaka yenyewe.

LAKINI HAKUNA ALIYEMLAZIMISHA

Najua kuna atakayesema, "Huyo ni mtu na akili zake. Kila mtu atabeba mzigo wake mwenyewe." Ni kweli, na tusiifute kweli hiyo. Aliyewasha ana sehemu yake, na hakuna rafiki atakayeibeba mbele za Mungu. Mwili wake ni hekalu la Roho, kama tunavyofundishwa katika 1 Wakorintho 6, umenunuliwa kwa bei, si mali yake ya kuchezea. Tukisema hatia yote ni ya watazamaji, tunamfanya kijana aliyewasha kuwa kitoto kisichojua kitu, na hiyo si heshima.

Lakini hatia si ugali, kwamba nikikatiwa kipande kikubwa chako kinapungua. Watu wawili wanaweza kubeba hatia moja na kila mmoja akaibeba nzima. Tena sehemu hazilingani. Kuna aliyesema, "Fanya, nitakurekodi." Huyo alikuwa karibu na mkebe kama mwenye mkebe. Kuna aliyepita tu, akaogopa, akashindwa kuongea. Mungu anajua hofu yake. Kuna sisi tulioiona video tukiwa sebuleni, tukacheka, tukabonyeza laiki, tukaisambaza kwenye grupu. Hatukumjua kijana yule. Lakini kijana wa pili aliyeona watu walivyocheka ndiye atakayejaribu kesho, na huyo wa pili anaweza kuwa wa nyumba yako.

Na kanisa lisijitoe. Mwaka 2016 mhubiri mmoja katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, alipigwa picha akiwapulizia waumini dawa ya wadudu usoni akidai inaponya. Picha zilienda dunia nzima. Tulimshangaa mhubiri, na ilistahili. Lakini mimi nawaza pia juu ya wale waliokuwa kwenye viti. Mahali pa ibada panapozoea kuuliza "leo tutaona nini?" badala ya "leo Mungu anasema nini?", vijana wake wamefundishwa kutafuta maonyesho kabla hawajafungua simu. Tukitaka vijana wasitamani kushangiliwa kwa moto, tuwape heshima kwa mambo mengine. Aliyefagia kanisa Jumamosi amewahi kupigiwa makofi lini?

ALIYEUNGUA AKIWA KATI YETU

Neno moja la tahadhari. Siku kijana mwenye makovu ya moto atakapoingia ibadani, usimgeuze kuwa mfano wa mahubiri. Usimnyooshee mtoto wako kidole ukimwambia, "Umeona?" Yesu mwenyewe alitaja habari za watu walioangukiwa na mnara kule Siloamu, naye akakataa kabisa kusema walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Aliwageuzia waliomsikiliza: na ninyi tubuni. Aliyeungua ameshalipa zaidi ya tulivyotaka alipe. Anachohitaji ni mtu wa kukaa karibu naye, kumsindikiza kliniki, kumwita kwa jina lake. Na aliyemrekodi, kama analia usiku, naye pia anahitaji mtu wa kumwambia kwamba Mungu aliyemsamehe mlinzi wa nguo akamfanya mtume hajabadilika.

YA KUFANYA NYUMBANI

Toba ina mikono, kwa hivyo tushuke kwenye mambo ya kawaida.

Wazazi, mikebe ya spreyi ikae mbali na jiko, koroboi, mshumaa na dirisha lenye jua kali. Ukipuliza dawa ya mbu, zima moto kwanza, fungua madirisha, ngoja. Mkebe ulioisha usiingie kwenye takataka za kuchomwa. Na zungumza na mtoto kabla hajauona mchezo huo, kwa maneno ya upole. Kijana anayeogopa kupigwa ataficha hata kidonda.

Vijana, mwenzako akisema "nirekodi," shusha simu. Si lazima uhubiri. Sema tu, "Mimi sirekodi hiyo." Mara nyingi mchezo unaishia hapo. Na kama umeshatumiwa video, isiishe mikononi mwako ikienda kwa mwingine.

Ikitokea mtu amewaka, alale chini ajiviringishe, au afunikwe kwa blanketi nzito isiyo ya nailoni. Moto ukizimika, pooza sehemu iliyoungua kwa maji safi ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Usitumie barafu. Usipake dawa ya meno, wala unga, wala yai, wala siagi. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Funika kwa kitambaa safi, mkimbize hospitali. Maombi yaendelee njiani, lakini gari lisingoje maombi yaishe.

TUOMBE

Bwana Yesu, wewe ulikataa kujirusha ili ushangiliwe. Tupe moyo huo. Wasamehe waliowasha, nasi tuliosimama tukitazama utusamehe. Waponye walioungua, ngozi na nafsi. Utupe ujasiri wa kushusha simu na kunyoosha mkono. Amina.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Sauli hakurusha jiwe. Kwa nini basi Paulo aliikumbuka siku ile kama yake?

2. Wiki hii umesambaza video gani ambayo mtu aliumia ndani yake? Ungekuwa mzazi wake, ungetaka iishie wapi?

3. Katika kanisa letu, kijana anaweza kupata heshima kwa njia gani ambayo haihitaji kamera?